Daktari Ponseti na Miguu ya Watoto

Wako watoto wazaliwao na mguu mmoja, au yote miwili, imepinda kwa ndani, unyayo wa huu ukiutazama wa ule. Katika kila watoto elfu wanaozaliwa, huwamo mmoja au wawili wa namna hiyo. Sisi tufundishao chuoni twayajua yawapatayo wakikua hivyo: hukanyagia ubavu wa mguu, huachwa nyuma wenzao wachezapo, na mama zao husingiziwa uchawi na laana. Kwa hiyo tumeona vema kuwaelezeni habari za mtu aliyewatafutia njia watoto hao.

Jina lake Ignacio Ponseti. Alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, nchi ya Hispania. Baba yake alikuwa fundi wa saa, naye utotoni alimsaidia kazi hiyo, ambayo haitaki haraka wala nguvu. Alimaliza masomo ya udaktari Barcelona mwaka 1936, na papo hapo vikazuka vita vya wenyewe kwa wenyewe. Akawa akitibu askari waliovunjika mifupa, na upande wake uliposhindwa mwaka 1939, aliwavusha majeruhi milimani kwa nyumbu mpaka Ufaransa. Kutoka huko alikwenda Mexico, akawa daktari wa kijijini, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani.

Siku hizo, miguu ya namna hii ilikuwa ikipasuliwa. Ponseti aliwachungua watu waliopasuliwa utotoni, akaona wengi wao wana miguu mikavu yenye maumivu. Akasoma maumbile ya mguu wa mtoto mchanga, akafahamu kuwa kano zake hukubali kuvutwa taratibu. Basi akashika njia ya mkono: kuunyosha mguu kidogo kidogo kwa upole, kuufunga plasta ngumu kwa juma moja, kisha kuufungua na kuunyosha tena. Baada ya plasta tano au sita hivi, aghalabu ukano wa kisigino hukatwa kwa tundu dogo, nao hujiunga wenyewe ndani ya plasta ya mwisho kwa majuma matatu. Halafu mtoto huvishwa viatu vilivyoungwa kwa kipande cha chuma, usiku na mchana kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala mpaka atimize miaka minne hivi.

Alitangaza matokeo ya kazi yake mwaka 1963, lakini kwa miaka mingi madaktari wachache tu walimfuata. Wazazi wa watoto waliopona walisaidia sana kuwapasha habari wazazi wenzao. Alifariki mwaka 2009, naye ana miaka 95. Leo njia yake yatumika duniani kote, na hapa Afrika, katika nchi kama Uganda na Malawi, wamefundishwa hata waganga wasiokuwa madaktari, nao huifanya vizuri.

Basi, mzazi uliyepewa amana ya mtoto kama huyo, usimfiche ndani wala usimwache akandwe kwa nguvu. Mpeleke hospitali katika majuma yake ya kwanza. Na vile viatu usimvue mapema kwa kumhurumia alipo akilia, kwani hiyo ndiyo sababu kubwa ya mguu kurudi kupinda. Kazi ya daktari ni majuma machache. Kazi ya mzazi ni miaka minne.