Magoli Hayaombwi

Mimi ni wa Lupopo, mke wangu ni wa Mazembe. Jumapili ya debi tunakaa benchi moja kwenye misa ya asubuhi, kila mtu na ombi lake, na hakuna anayemchungulia mwenzake.

Hapa Lubumbashi mpira ulipita mikononi mwa mapadri. Mwaka 1939 wamisionari Wabenedikti wa Saint-Boniface waliwaundia wanafunzi wao timu, wakaiita Saint-Georges, jina la msimamizi wa maskauti. Baadaye ikawa Saint-Paul. Wachezaji wasio wanafunzi walipoingia, mapadri wakajitoa, timu ikachukua jina la matairi ya Englebert. Ndiyo TP Mazembe ya leo. Lupopo nayo ni ya mwaka huohuo, timu ya watu wa reli, na jina lake kamili bado limembeba Saint-Éloi, msimamizi wa wafua vyuma. Kwamba wenzetu walimwacha mtakatifu wakafuata matairi, nyumbani kwangu ni jambo linalotajwa mara kwa mara.

Nafundisha vijana katika komini ya Kenya (Kenya ya kwetu, si ile nchi). Kikosini wamo Wakatoliki, Wamethodisti, watu wa Garenganze, na wale wa makanisa ya uamsho ambao wakilishika ombi hawaliachii. Kwa hiyo tunapeana zamu. Duara, mikono mabegani, mmoja anaomba. Waombee miguu yao, waombe hasira isiwatawale, na wapinzani warudi kwao wazima. Magoli hayaombwi. Winga wangu wa kushoto aliwahi kupenyeza lake: "Baba Mungu, umufungule arbitri macho." Amina ya siku ile ilisikika hadi barabarani.

Mbona magoli hayaombwi? Tarehe 14 Desemba 2010, Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil 2-0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Kidiaba, kipa wao, akarukaruka kwa makalio kama kawaida yake. Hata mimi wa Lupopo nilipiga kelele. Siku nne baadaye Inter ya Milan ikawapiga 3-0. Wabrazili nao wanasali, Waitalia wanasali. Anayetaka kumfanya Mungu mshabiki atapata kazi kubwa kueleza wiki ile.

Ninachokiona uwanjani ni kingine. Kipa akishaambiwa kwamba lango lake limefungwa kwa dawa, anachelewa kuruka. Mpira wa kawaida kabisa unampita. Dawa huletwa usiku na mtu anayetaka kulipwa. Ombi husemwa mchana, wote wakisikia, tena bure. Kijana akitoka pale duarani, anaruka kwa wakati.

Wenye fulana za ndani zenye maandishi ya Yesu, kama ile ya Kaká mwaka 2007, nawaambia wazivae nyumbani: siku hizi sheria ya mavazi inakataza ujumbe wa dini. Ishara ya msalaba haijakatazwa.

Na ombi lisipite dakika moja. Mchungaji mmoja mgeni alituombea mpaka misuli ikapoa, ikabidi tuanze mazoezi ya kupasha moto upya huku mwamuzi akitazama saa.