IBN KHALDUN: MWANAHISTORIA ALIYETEREMSHWA UKUTANI KWA KAMBA

Mwezi wa Januari, mwaka 1401, mzee wa miaka 68 aliteremshwa kwa kamba kutoka juu ya ukuta wa mji wa Dameski. Nje ya mji walikuwako majeshi ya Timur, mshindi aliyekwisha kuitetemesha Asia. Mzee huyo alikuwa Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Kiarabu, ambaye sisi tuvaao sare twapaswa kumjua.

Alizaliwa Tunis mwaka 1332. Tauni kubwa iliwachukua wazazi wake angali kijana. Akaingia kazi ya serikali, akawatumikia watawala wa Tunis, Fez, Granada na Bijaya. Hatutaificha ila yake: alihama kutoka kwa bwana huyu hadi kwa yule kadiri upepo ulivyovuma, na huko Fez alionja gereza kwa karibu miaka miwili. Lakini katika kuhama huko aliona kwa macho yake jinsi dola zinavyosimama na jinsi zinavyoanguka.

Mwaka 1375 alijitenga na siasa katika ngome ya Ibn Salama, katika nchi iitwayo leo Aljeria. Mwaka 1377, kwa muda wa miezi mitano, aliandika huko Muqaddima, yaani utangulizi wa historia yake kubwa. Wengi waliomtangulia walisimulia vita na wafalme. Yeye aliuliza sababu. Jibu lake ni neno asabiya, maana yake ule mshikamano unaomfanya mtu awe tayari kufa kwa ajili ya mwenziwe. Kwa nguvu hiyo, watu wachache wa jangwani huishinda dola tajiri. Wakishatawala huzoea anasa. Mtawala huanza kuwaogopa wale waliompigania, hukodi wageni wamlinde, huongeza kodi ili awalipe, na raia hukata tamaa. Aghalabu, alisema, dola haipiti vizazi vitatu, yaani miaka 120.

Mwaka 1384 alifanywa kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki mjini Cairo. Aliwaadhibu mashahidi wa uongo wala hakusikiliza maombezi ya wakubwa. Kwa hiyo akapata maadui, akaondolewa. Wakati huo huo jamaa zake walizama baharini wakija Misri.

Ndipo tunaporudi Dameski. Sultani Faraj wa Misri alikuwa amekwenda na jeshi kuulinda mji, akamchukua Ibn Khaldun. Ghafula zikavuma habari za njama ya kumpindua. Sultani na makamanda wake wakakimbilia Cairo, mji ukaachwa peke yake. Yale aliyoyaandika ngomeni miaka ishirini na zaidi kabla yake, mzee aliyaona yakitendeka mbele yake. Timur alimpokea kwa heshima na kuzungumza naye mara nyingi. Hata hivyo mji uliporwa na kuteketezwa.

Ibn Khaldun alifariki Cairo mwaka 1406, akiwa tena kadhi. Leo wataalamu wengi humhesabu miongoni mwa waasisi wa elimu ya jamii.

Ndugu askari, kuta za Dameski zilikuwa imara. Kilichokosekana ni imani baina ya wale waliopewa kazi ya kuzilinda.