BEI YA JINA LA INTANETI



Tangu mwaka wa masomo kuanza, wengi wanatuuliza: sababu gani masomo yetu haina tena ukurasa kwenye intaneti? Jibu ni fupi na inauma. Jina ilikufa. Wale walioliandikisha walisahau kulipa, mutu mwingine akaliokota, na sasa anaomba dola 400. Katika sanduku la komite yetu muko dola 63. Basi tulikaa kuchunguza biashara hii iko ya namna gani.

Jina la intaneti haliuziwi sawa vile shamba. Ni kama kukodi nyumba: unalipa kwa mwaka. Mbele ya 1995 watu walipewa majina ya .com bure, mwaka ule wakaanza kuombwa dola 100 kwa miaka miwili. Leo .com inapatikana kwa dola kumi na kitu. Mwenyewe asipolipa, jina halipotei siku ile ile. Likiisha kufutwa, yuko na siku 30 za kulikomboa, kwa bei kali. Siku zingine 5, kisha ni la yeyote. Kuko watu wanaokesha wakivizia saa ile tu.

Nani anakata bei? Hapana mutu. Jina moja haliwezi kuwa na wenyewe wawili, basi bei ni ile munuzi anakubali. Jina fupi, lepesi kuandika, la kazi yenye feza, linapanda. Business.com liliuzwa dola 150,000 katika 1997. Nyuma ya miaka miwili, milioni 7.5! Voice.com lilifika milioni 30 katika 2019. Lakini tusidanganyike (tunajua kijana mumoja wa mwaka wa tano anayetaka kununua majina ishirini): majina mengi hayapati munuzi hata mumoja, na kila mwaka mwenyewe analipa tu.

Hata inchi zinauzisha. Tuvalu, visiwa vidogo vya bahari ya Pasifiki, ina herufi .tv, na watu wa televisheni wanazipenda. Katika 2000 walipatana dola milioni 50 kwa miaka 12, na mwaka ule ule wakaingia UNO. Sisi Wakongo tuko na .cd, ile ya zamani,.zr ya Zaïre, ilifutwa katika 2001.

Turudie jina letu. Ni refu, na nani mwingine atalitaka? Munuzi ni sisi peke yetu, na muuzaji anajua. Lakini yeye pia analipa kila mwaka. Tulimwandikia: dola 40. Akajibu: 250. Hatukumujibu tena. Tarehe yake ya kulipa inaonekana kwa kila mutu anayeitafuta: ni katika mwezi wa tatu. Tumeiandika kwenye ubao wa komite.