Kutoka tembe ya daktari hadi mchanganyiko hatari: Safari ya steroidi katika utunishaji misuli

WENGI wanaotazama picha za watunisha misuli wa miaka ya sitini na kuzilinganisha na za wale wa miaka ya tisini hudhani kwamba wa zamani walijijenga kwa mayai, nyama na vyuma pekee, na kwamba dawa zililetwa na kizazi kilichofuata.

Dhana hiyo si kweli. Steroidi zilikuwa zikitumiwa na wanamichezo kabla ya shindano la Mr. Olympia kuanzishwa nchini Marekani mwaka wa 1965. Kilichobadilika tangu wakati huo ni kiasi kinachotumiwa, idadi ya dawa zinazochanganywa, na muda ambao mwili hupewa nafasi ya kupumzika.

Chanzo cha yote ni testosteroni, homoni ambayo kwa wanaume hutengenezwa hasa na korodani, na ndiyo inayowapa sauti nzito, ndevu na misuli. Wanasayansi wa Ulaya walifaulu kuiunda katika maabara mnamo 1935, na wawili miongoni mwao, Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, waligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka wa 1939. Steroidi zinazozungumziwa hapa ni homoni hiyo yenyewe au dawa zilizoundwa kuiiga. Zisichanganywe na zile ambazo madaktari huwapa wagonjwa wa pumu, kwani hizo ni za aina nyingine kabisa na hazijengi misuli.

Mwaka wa 1954, wakati wa mashindano ya dunia ya unyanyuaji uzani mjini Vienna, daktari Mmarekani aliyeandamana na timu ya nchi yake, John Ziegler, alidokezewa na mwenzake wa Muungano wa Usovieti kwamba wanyanyuaji wa Urusi walikuwa wakipewa testosteroni. Alirejea nyumbani akitafuta namna ya kuwapa Wamarekani nguvu sawa. Jibu lilipatikana mwaka wa 1958, kampuni ya Ciba ilipoingiza sokoni Marekani tembe zilizoitwa Dianabol.

Ziegler aliwapa tembe hizo wanyanyuaji wa klabu moja katika mji wa York, jimbo la Pennsylvania, kwa vipimo vidogo. Haikuchukua muda kabla ya baadhi yao kupiga hesabu zao wenyewe: ikiwa tembe chache zinaleta nguvu, tembe nyingi zitaleta nguvu zaidi. Wakaanza kumeza mara kadhaa ya kiasi alichoagiza. Daktari huyo alijitenga na mradi huo, na hadi kifo chake mnamo 1983 alijutia kuuanzisha.

Hesabu hiyo ya wanyanyuaji wa York ndiyo iliyotawala utunishaji misuli kwa miongo iliyofuata, ingawa mwanzoni ilienda polepole. Arnold Schwarzenegger, aliyetwaa taji la Mr. Olympia mara sita mfululizo kuanzia 1970 hadi 1975 na mara ya saba mwaka wa 1980, amekiri kwamba alitumia steroidi enzi hizo. Kukiri huko hakukumgharimu sana, kwa kuwa wakati huo sheria ya Marekani haikuwa imezipiga marufuku na dawa zenyewe zilitoka kwa daktari. Desturi ya wakati huo ilikuwa kuzitumia kwa wiki kadhaa kabla ya shindano, kisha kuziacha. Schwarzenegger, mwenye kimo cha sentimita 188, alipanda jukwaani akiwa na kilo 107 hivi.

Linganisha na Dorian Yates, Mwingereza aliyeshinda taji hilo mara sita kuanzia 1992 hadi 1997, na ambaye pia ameeleza hadharani kwamba alitumia steroidi. Yates ni mfupi kuliko Schwarzenegger kwa karibu sentimita kumi, lakini alishindana akiwa na uzito wa takriban kilo 117 au zaidi, huku ngozi yake ikionekana kana kwamba haina mafuta hata kidogo chini yake.

Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa bidii ya mazoezi peke yake. Mambo mawili yalitokea katikati.

Kwanza, dawa mpya ziliongezwa juu ya zile za zamani. Homoni ya ukuaji ilikuwa ikitolewa kwenye maiti za binadamu hadi mwaka wa 1985, ilipogunduliwa kwamba baadhi ya waliotibiwa nayo waliambukizwa ugonjwa hatari wa ubongo. Mwaka huohuo homoni iliyotengenezwa maabarani iliidhinishwa Marekani, na sasa ingeweza kutengenezwa kwa wingi. Baadaye ikaongezwa insulini, dawa ya wagonjwa wa kisukari. Mtu mzima wa afya anayejidunga insulini na kukosea kipimo anaweza kuishiwa na sukari mwilini na kupoteza fahamu katika muda mfupi.

Pili, sheria ilikaza kamba. Baada ya mwanariadha Ben Johnson wa Canada kupokonywa dhahabu ya mita 100 katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988 kwa kutumia steroidi, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka wa 1990 sheria iliyoziweka miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa. Kusudi lilikuwa jema. Lakini aliyeondoka kwanza alikuwa daktari, si mtumiaji. Biashara ikahamia mikononi mwa walanguzi, na chupa isiyojulikana ilikotengenezwa ikachukua nafasi ya tembe za kiwanda.

Mchezo wenyewe ulijaribu kujisafisha mara moja. Washindani wa Mr. Olympia walipimwa mwaka wa 1990 na baadhi yao wakaondolewa, lakini mpango huo haukuendelezwa. Majaji waliendelea kuwazawadia waliokuwa wakubwa na wakavu zaidi, na kila mshindi akawa ndiye kipimo ambacho wengine walilazimika kukifikia mwaka uliofuata.

Gharama ilianza kuonekana upesi. Mohammed Benaziza, mzaliwa wa Algeria, alifariki mwaka wa 1992 saa chache baada ya shindano nchini Uholanzi. Mwili wake ulikuwa umekaushwa maji ili misuli ionekane vyema. Andreas Münzer wa Austria, aliyesifika kwa kukosa mafuta mwilini, alifariki mjini Munich mwezi Machi 1996 akiwa na umri wa miaka 31, ini na figo zikiwa zimeshindwa kufanya kazi.

Vifo vya namna hiyo huvuta macho, ila madhara makubwa zaidi hutokea kimyakimya ndani ya moyo. Steroidi hupunguza kolesteroli nzuri, huongeza shinikizo la damu na huifanya damu iwe nzito. Moyo nao ni msuli. Kuta zake hunenepa na nguvu zake za kusukuma damu hupungua. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 nchini Marekani, uliohusisha wanyanyua vyuma 140, ulionyesha kwamba mioyo ya wale 86 waliotumia steroidi kwa muda mrefu ilisukuma damu kwa udhaifu kuliko ya wenzao 54 ambao hawakuzitumia. Mwaka wa 2025, watafiti wakiongozwa na wataalamu wa Padova, Italia, walifuatilia watunisha misuli wanaume zaidi ya 20,000 na kupata vifo 121, wastani wa umri ukiwa miaka 45. Takriban asilimia 38 vilikuwa vya ghafla vilivyotokana na moyo, na hatari kwa wale wa kulipwa ilikuwa zaidi ya mara tano ya ile ya wachezaji wa ridhaa.

Tangu 2016 Mr. Olympia ina kitengo ambacho uzito wa mshindani huwekewa mpaka kulingana na kimo chake, ili kurejesha umbo la miaka ya sabini. Mpaka huo ni wa kilo. Hausemi lolote kuhusu kilicho ndani ya damu.

Isitoshe, mtumiaji wa leo mara nyingi si mshindani. Ni kijana wa kawaida wa ukumbi wa mazoezi anayetaka mabega mapana, na ambaye hupata maelekezo na hata dawa kupitia intaneti.

Wengi wao hawaelezwi kinachofuata wanapojaribu kuacha. Ubongo unapoona testosteroni imejaa tele katika damu, huacha kuziamuru korodani kufanya kazi, nazo husinyaa. Dawa zikikatizwa, kazi hiyo inaweza kuchukua miezi mingi kurejea, na kwa wengine hairejei kikamilifu. Katika kipindi hicho mtu hukosa nguvu, hukosa hamu ya tendo la ndoa, hushindwa kupata mtoto na wakati mwingine huzongwa na huzuni nzito. Ili kuepuka hali hiyo, wengi siku hizi hawaachi kabisa. Hupunguza tu kipimo, kisha hukipandisha tena.