Injini mpya ya gari la spoti: uibembeleze au uikanyage?

Umenunua Subaru BRZ mpya, mguu unawasha. Subiri kidogo. Kitabu cha gari kinasema usivuke mizunguko 4,000 kwa dakika katika kilomita 1,600 za kwanza. Kwa nini?

Ukuta wa silinda unaonekana laini, lakini kiwandani huchorwa mikwaruzo midogo sana ya kushika oili. Ringi za pistoni lazima zisuguane na ukuta huo mpaka zikae sawasawa. Ukikanyaga sana mapema, joto linazidi na chuma kinaweza kuchubuka.

Sasa ukiibeba kama yai? Hapo nako kuna shida. Kinachozikandamiza ringi ukutani ni presha ya gesi inayowaka. Presha ikiwa ndogo kila siku, ringi zinaweza zisikae vizuri, injini ikaanza kula oili.

Kwa hiyo fanya hivi: acha injini ipate moto kwanza, kanyaga kwa kiasi, panda na kushuka mwendo, usishikilie spidi moja safari nzima. Breki na tairi mpya nazo bado hazijazoea kazi. Mbio utazipata tu. Kufungua injini upya ni hela nyingi.