Metali nzito hutafutwa kwenye tope: mfano wa Mto Manonga

Risasi, aseniki na zebaki zinazotoroka kwenye mabaki ya migodi hazielei majini kwa muda mrefu. Hunata kwenye chembe laini za udongo, zikabebwa na mafuriko na kutua pale mkondo unapolegea. Maji yanaweza kupimwa yakaonekana safi wiki mbili baada ya bwawa la topesumu kupasuka, ilhali mzigo wote umelala chini ya mto.

Manonga unalionyesha jambo hili waziwazi. Mto huu hukusanya maji ya Shinyanga, ukapita jirani na Nzega na Igunga mkoani Tabora, kisha ukaingia mbuga za Wembere na Ziwa Kitangiri. Kutoka hapo Mto Sibiti huyapeleka maji Ziwa Eyasi. Bonde hili halina mlango wa baharini, hivyo metali iliyoingia haina pa kwenda. Tena kiangazi sehemu kubwa ya Manonga ni mchanga mkavu, na anayekwenda na chupa za maji peke yake atarudi nazo tupu.

Dhahabu ya huku si ngeni. Ya Sekenke, ng'ambo ya Wembere, ndiyo iliyopigwa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, mjini Tabora mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa na vita. Nzega ikapata mgodi mkubwa wa Golden Pride, uliozalisha kuanzia 1998 hadi 2014. Wachimbaji wadogo nao husaga mawe kwenye makalasha, huosha unga mwaloni na kunasa dhahabu kwa zebaki. Mabaki yake, yaani marudio, mara nyingi huchenjuliwa upya kwa sayanaidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, ila zebaki iliyokwisha kumwagwa ardhini haitoweki kwa mkataba.

Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, ulipasuka, na tope likafunika mashamba na makazi. Kama mkulima wa mpunga chini huko angekuta metali kwenye jaruba lake, je, zingekuwa za Mwadui au za wachimba dhahabu? Jibu hutafutwa katika uwiano. Mwamba wa kimbalaiti unaobeba almasi una nikeli na kromi nyingi, na almasi haihitaji zebaki. Marudio ya dhahabu huelekea kwenye aseniki, risasi na zebaki. Risasi ina ushahidi wa ziada: atomu zake ni za aina nne, na uwiano wa aina hizo hutofautiana kati ya mwamba na mwamba.

Tatizo ni kwamba miamba ya kale inayozaa dhahabu huwa na nikeli, kromi na aseniki yake ya asili, hata pasipo mchimbaji. Kupima chini ya mgodi tu na kutangaza uchafuzi ni kazi nusu. Sampuli lazima zitoke pia juu ya mgodi, na kwenye vijito visivyo na machimbo. Chembe zinazopimwa ziwe za ukubwa mmoja, kwa kawaida zile zinazopita kwenye chekecheke la maikroni 63, kwa sababu tope laini hubeba metali kuliko mchanga. Penye kina, bomba hushindiliwa chini na kung'oa tabaka za tope kwa mpangilio wake. Sizimu-137 iliyoenezwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia miaka ya 1950 na 1960 husaidia kujua tabaka lipi ni la lini.

Zebaki ina njia yake. Katika tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo hupanda kutoka kiumbe hadi kiumbe. Kwa hiyo samaki wanaokula wenzao, kama kambale mkubwa, hupimwa pamoja na perege. Tofauti kati yao husema mengi kuliko maji ya ziwa.

Vipimo hurudiwa mvua za kwanza zinaponyesha, maana mafuriko hulikoroga tope la mwaka jana na kulihamishia majaruba ambayo hayakuguswa na mmwagiko wenyewe.