Barua za Mwanamuziki kama Ushahidi wa Maisha Yake

Santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja ulibeba wimbo wa dakika tatu hivi, humwachia mtafiti jina la mwimbaji, la kampuni na namba ya toleo, lakini hazisemi mwimbaji alilipwa nini wala aliishi vipi. Kwa hiyo anayeandika wasifu, yaani habari za maisha ya mtu zilizofanyiwa utafiti, wa msanii kama Frank Humplick, aliyezaliwa Moshi mwaka 1927 na kurekodi pamoja na dada zake, hana budi kuuliza pia habari za barua.

Bahasha husomwa kabla ya karatasi, kwa kuwa muhuri wa posta huonyesha mahali na siku barua ilipopokelewa na posta, hata pale mwandishi aliposahau kuweka tarehe. Anwani, hata hivyo, huweza kupotosha: katika maeneo kama Sanya Juu mkoani Kilimanjaro, ambako sanduku moja la parokia au shule liliweza kutumiwa na wengi, haithibitishi makazi ya mtu. Vilevile maneno ya desturi kwamba mwandishi ni mzima na hofu ni kwa msomaji tu si taarifa ya afya, na mtafiti anayeyachukua hivyo atamponya mgonjwa kwa kalamu. La muhimu zaidi ni kujua barua iliandikiwa nani, kwani msanii humweleza mama yake umaskini ambao humficha mwenye kampuni.

Afrika Mashariki ina mfano wenye kinaya. Barua za mwandishi Shaaban Robert kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, za miaka ya 1931 hadi 1958, zimehifadhiwa na kuchapishwa, ilhali Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 1950 na ambaye mwandishi huyohuyo aliandika wasifu wake, hakujua kusoma wala kuandika. Msanii wa namna hiyo akituma barua, huwa ameisema na mwingine ameiandika, na mwandikaji huyo aliweza kulainisha hasira, kuongeza adabu au kugeuza lugha ya nyumbani, kama Kichagga, kuwa Kiswahili cha shule. Ndipo mtafiti hulinganisha hati za mkono, na asipopata barua nyingine ya mwandikaji huyo, huinukuu kama kauli ya watu wawili.